Robert Koch: Daktari aliyemtafuta papasi kwenye sakafu za vibanda

Nilipokuwa katika mwaka wangu wa mafunzo kwa vitendo, katika hospitali moja ya wilaya, alikuja mama mwenye ujauzito wa miezi saba. Homa ilikuwa imemshika siku tatu, ikamwacha karibu wiki nzima, kisha ikarudi kwa nguvu. Alikuwa ameshapewa dawa za malaria mara mbili. Nami, kwa haraka ya asubuhi yenye foleni ndefu, nikaandika malaria kwa mara ya tatu.

Aliyenisahihisha ni mtaalamu wa maabara, mzee aliyekaribia kustaafu. Aliiweka damu ya yule mama chini ya hadubini, akaniita nitazame. Niliona vijidudu vyembamba, virefu, vilivyojisokota kama springi, katikati ya chembe za damu. Kisha alimuuliza mgonjwa swali ambalo mimi sikuliuliza: analala wapi? Alikuwa akilala chini, kwenye mkeka, katika nyumba ya udongo. Ilikuwa homa ya papasi. Mama alipona. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake na hakuishi.

Swali lile la mahali pa kulala liliulizwa hapa nchini zaidi ya miaka 100 iliyopita na daktari wa Kijerumani ambaye kila mwanafunzi wa udaktari anamjua kwa jina, Robert Koch. Wengi wetu tunamhusisha na kifua kikuu. Leo nataka tumtazame kwa upande usiosimuliwa sana: kazi yake juu ya wanyama wenye kwato, kupe na papasi, ambayo sehemu yake kubwa aliifanya barani Afrika.

Daktari wa wilaya

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani, eneo la wachimba madini. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya 13. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen mwaka 1866, na mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya ya Wöllstein, ambayo leo iko Poland.

Hakuwa na maabara wala mfadhili. Alikuwa na wagonjwa wengi, hadubini aliyonunuliwa na mkewe Emmy, na kona ya kufanyia uchunguzi katika chumba chake cha kazi. Wilayani kwake kondoo na ng'ombe walikuwa wakifa kwa kimeta. Wafugaji walijua kuna malisho yanayoua mwaka hadi mwaka, lakini hakuna aliyejua kwa nini.

Koch aliwaambukiza panya kwa vibanzi vya mti vilivyochovywa kwenye damu ya mifugo iliyokufa. Aliwakuza bakteria katika maji ya jicho la ng'ombe, akawaona wakigeuka kuwa mbegu ngumu, yaani spora. Mbegu hizo hukaa udongoni miaka mingi zikimsubiri mnyama anayelisha karibu na ardhi. Mwaka 1876 alipeleka matokeo yake kwa mtaalamu wa mimea, Ferdinand Cohn, mjini Breslau, na jina lake likaanza kuvuma.

Kimeta hicho hicho bado kinaua nyumbu na nyati katika mbuga zetu, hasa wakati wa ukame nyasi zinapokuwa fupi. Mtu anayechuna mzoga au kula nyama yake huugua pia.

Sifa na aibu

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, Koch alitangaza kuwa amegundua bakteria wa kifua kikuu. Ndiyo sababu kila mwaka tunaadhimisha Siku ya Kifua Kikuu Duniani tarehe hiyo. Miaka miwili iliyofuata alimtambua bakteria wa kipindupindu akiwa Misri na India.

Mwaka 1890 alijikwaa vibaya. Alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, bila kueleza imetengenezwa na nini. Wagonjwa walimiminika Berlin. Dawa haikuponya, na wengine walizidiwa wakafa. Leo dawa zitokanazo nayo hutumika kupima maambukizi kwenye ngozi tu. Koch alikuwa na tabia hiyo ya kutangaza mapema, na tutaiona tena.

Sotoka

Desemba 1896 alifika Kimberley, Afrika Kusini, kwa ombi la serikali ya huko. Sotoka ilikuwa imeingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 ikashuka kusini ikifagia kila chenye kwato zilizogawanyika: ng'ombe, nyati, nyumbu, tandala, pofu na twiga. Wafugaji, Wamaasai wakiwamo, walipoteza mifugo yao na wengi wakafa kwa njaa.

Koch aligundua kuwa ng'ombe akidungwa nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka, wengi hupata kinga. Njia hiyo iliokoa mifugo mingi, ingawa iliua baadhi, na baadaye ilipisha njia bora zaidi. Sotoka ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ikiwa ni ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui.

Kupe wa Pwani

Kuanzia mwaka 1897 hadi 1898 Koch alifanya kazi Dar es Salaam, wakati huo makao ya utawala wa Kijerumani. Alichunguza malaria na homa za ng'ombe. Miaka michache kabla, Wamarekani Theobald Smith na Frederick Kilborne walikuwa wameonyesha kuwa homa ya Texas, ile inayomfanya ng'ombe akojoe mkojo mwekundu, huenezwa na kupe. Koch alipoona vimelea vidogo sana kwenye damu ya ng'ombe wa Pwani, aliamua kuwa ni homa hiyo hiyo. Alikosea.

Kosa hilo lilionekana miaka michache baadaye. Ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki walipelekwa Rhodesia kupitia Beira, kujaza mazizi yaliyoachwa matupu na sotoka. Ng'ombe wa huko wakaanza kufa kwa wingi. Mwaka 1903 Koch aliitwa Bulawayo, na huko akatambua kuwa huu ni ugonjwa tofauti, ule ule aliouona Dar es Salaam bila kuujua. Wafugaji wetu wanauita ndigana kali.

Hata hapo hakumaliza kazi. Alimshuku kupe wa bluu, ambaye hukaa kwa mnyama mmoja maisha yake yote. Charles Lounsbury na Arnold Theiler, waliofanya kazi Afrika Kusini, ndio walioonyesha kuwa mwenezaji ni kupe wa masikio wa rangi ya kahawia. Huyu hunyonya damu ya wanyama watatu tofauti maishani mwake, akidondoka majanini kila mara, hivyo hubeba vimelea kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Chanjo ya damu aliyoipendekeza Koch nayo haikufaulu.

Utafiti wa baadaye ulionyesha kuwa nyati ndiye mwenyeji wa asili wa vimelea hivyo. Huishi navyo bila kuugua sana. Kupe aliyenyonya nyati akimng'ata ng'ombe, ng'ombe hufa. Ndiyo maana mfugaji anayelisha kando ya hifadhi hawezi kulitupa josho. Ndigana kali haimpati binadamu, lakini inapoondoka na ng'ombe, inaondoka na maziwa ya watoto na ada ya shule.

Papasi

Mwisho wa mwaka 1904, akiwa na miaka 61, Koch alirudi Dar es Salaam. Safari hii tatizo lilikuwa la watu: wasafiri wa njia za misafara kwenda bara walikuwa wakishikwa na homa inayokwenda na kurudi. Koch alifukua sakafu za vibanda vya kupumzikia na kumkuta papasi kwenye udongo mkavu, hasa karibu na kuta na nguzo, pasipofikiwa na mvua.

Aliwapasua papasi akawakuta vijidudu wa homa hata ndani ya mayai yao. Watoto wa papasi, ambao hawajawahi kumng'ata mtu, waliweza kuambukiza nyani. Maana yake ni kwamba kibanda chaweza kukaa kitupu muda mrefu na bado kikawa na hatari. Aliona pia kuwa wenyeji wengi hawakuugua sana, kwa kuwa walishaupata ugonjwa huo wangali watoto. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa rahisi: wasilale vibandani, wapige mahema mbali navyo.

Hakuwa peke yake. Madaktari wa Kiingereza nchini Uganda, na Joseph Everett Dutton na John Todd nchini Kongo, walifikia jibu hilo wakati huo huo. Dutton alifariki Kongo Februari 1905 kwa homa hiyo hiyo aliyokuwa akiichunguza. Alikuwa na miaka 30.

Papasi wa jamii hiyo huishi pia kwenye mashimo ya ngiri, na huko hubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika. Ngiri hadhuriki, nguruwe wa kufugwa hufa.

Sese

Mwaka 1905 Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Mwaka uliofuata alikwenda Visiwa vya Sese, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, kutibu malale kwa dawa yenye aseniki iitwayo atoksili. Dozi za kawaida zilipoonekana hazitoshi, alizipandisha. Baadhi ya wagonjwa walipofuka moja kwa moja. Walikuwa Waafrika chini ya ukoloni, na nafasi yao ya kukataa ilikuwa ndogo. Hatuwezi kuisimulia sifa ya Koch tukaliacha hilo.

Alifariki tarehe 27 Mei 1910 mjini Baden-Baden, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, katika taasisi inayoitwa kwa jina lake.

Tunachojifunza

Koch alifaulu alipotazama udongo, malisho na sakafu. Alijikwaa alipoona kimelea kimoja akaharakisha jibu. Mimi pia nilijikwaa hivyo.

Basi msomaji wangu, homa ikikuacha ikarudi, na vipimo vya malaria havionyeshi kitu, omba damu yako itazamwe kwa hadubini, na mweleze daktari ulikolala. Papasi hung'ata usiku kwa muda mfupi na kurudi kwenye ufa wake, hivyo mgonjwa wengi hawakumbuki kuumwa. Mjamzito asisubiri hata siku moja, kwa sababu homa hii huharibu mimba na kuua vichanga. Inatibika kwa antibiotiki za kawaida, lakini dozi ya kwanza itolewe hospitalini, kwa kuwa mgonjwa huweza kutetemeka sana na shinikizo la damu kushuka.

Nyumbani, lala kitandani, mbali na ukuta, ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Ziba nyufa, na ukiweza sakafia kwa saruji. Ukikuta kupe mwilini, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu bila kumpinda. Usimpake mafuta ya taa wala kumpasua kwa kucha. Ukipata homa na kidonda chenye kigaga cheusi baada ya kutoka machungani au mbugani, nenda hospitali useme ulikuwa wapi.

Na kwenu madaktari wenzangu vijana: foleni hata iwe ndefu namna gani, muulize mgonjwa analala wapi.