Ahmad bin Majid: Rubani Aliyepima Nyota kwa Kibao



Ukienda Malindi utaiona nguzo ya Vasco da Gama pale ufukweni, na huenda kabla hujaondoka ukapewa na hadithi yake. Utaambiwa kwamba mwaka 1498 Mreno huyo alifika hapa hajui njia ya India, akapewa rubani Mwarabu aitwaye Ahmad bin Majid, na huyo ndiye aliyemvusha. Wengine huongeza chumvi, wakasema alileweshwa kwanza ndipo akaitoa siri.

Wengi wetu tumeimeza hadithi hii tangu shule. Sasa katika mwezi huu, ambao hatufungi tumbo peke yake bali na ulimi pia, hebu tumjue huyu mtu alikuwa nani. Kisha utaamua mwenyewe.

MTOTO WA RUBANI

Ahmad bin Majid alizaliwa katika karne ya 15 huko Julfar, mji wa bandari ulio katika Ras al-Khaimah ya leo, kwenye Falme za Kiarabu. Bahari aliikuta nyumbani. Babu yake alikuwa rubani, na baba yake pia alikuwa rubani, tena bingwa wa Bahari ya Sham, ambayo imejaa miamba na imevunja vyombo vingi. Baba huyo alitunga shairi refu lenye beti zaidi ya 1,000 kuhusu njia za bahari hiyo.

Usishangae kusikia shairi. Baharini usiku, mawimbi yanapanda, upepo unavuma, huwezi kufungua kitabu. Lakini beti ulizozihifadhi kichwani haziloi wala hazipeperuki. Ni kama wewe unavyohifadhi masomo yako madrasa. Ahmad naye akafuata njia hiyo hiyo. Mwaka 866 Hijria (1462) alimaliza utenzi mrefu uitwao Hawiya, unaokusanya misingi ya elimu ya bahari. Karibu mwaka 1490 akamaliza kitabu chake kikubwa cha nathari, Kitab al-Fawaid, kinachoeleza nyota, dira, pepo za misimu, bandari, visiwa na hata tabia anazotakiwa rubani awe nazo.

Na sisi watu wa pwani hakutusahau. Ana shairi liitwalo Sufaliya, linaloeleza njia za bahari mpaka Sofala, Msumbiji, likipita katika pwani hii yetu ya Afrika Mashariki. Tena neno lenyewe "rubani", ambalo leo twamwita mwendeshaji wa ndege, asili yake ni hilo la Kiarabu walilokuwa wakiitwa mabaharia kama yeye.

KIBAO NA UZI

Sasa utajiuliza, alipimaje njia bila setilaiti? Alitumia dira, alitumia alama za nchi kavu, rangi ya maji na ndege wa baharini. Usiku alitumia nyota na kibao.

Shika hivi: kuna nyota ya kaskazini, ambayo mabaharia wetu wa zamani wakiiita jaa. Ukienda kaskazini jaa hupanda juu, ukienda kusini hushuka. Basi ukijua urefu wake kutoka kwenye upeo wa bahari, umejua uko kaskazini au kusini kiasi gani. Marubani walipima urefu huo kwa vidole. Kidole kimoja, ambacho wao wakikiita isba, ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu, yaani karibu kilomita 180 za safari. Ukikosea nusu kidole umeipoteza bandari kwa kilomita 90! Si mchezo.

Enzi zake vilikuwako vibao vya ukubwa mbalimbali. Aina iliyojulikana zaidi baadaye, na ambayo iliendelea kutumika hadi karne ya 19, ni kibao kimoja chenye uzi wa mafundo, kiitwacho kamal. Wewe pia waweza kukitengeneza. Kata ubao mwembamba mstatili, urefu wake kwenda juu uwe sentimita 5. Toboa tundu katikati, pitisha uzi mgumu na ufunge fundo nyuma ili usichomoke. Pima sentimita 57 kutoka kwenye ubao, piga fundo. Hapo ubao utapima digrii 5. Piga fundo jingine kwenye sentimita 28 na nusu. Hapo utapima digrii 10.

Baada ya tarawehe nenda na mzazi au kaka yako mahali unapoona upeo wa bahari. Uma fundo kwa meno, nyoosha uzi mpaka ukaze, ukingo wa chini wa ubao uguse upeo na ukingo wa juu uguse nyota. (Jua usilipime kamwe, utaharibu macho.) Ukiwa Lamu, Malindi au Mombasa jaa hutaiona, kwa sababu tuko kusini ya Ikweta nayo imezama. Chagua nyota nyingine iliyo chini chini. Hata Ibn Majid alipofika huku kusini alitegemea nyota nyingine.

Rubani alikuwa na fundo la kila bandari. Akitaka kwenda bandari fulani ya India, humaliza kwanza kupanda au kushuka mpaka nyota ikae sawa na fundo la bandari ile, kisha hugeuza chombo na kuifuata njia hiyo hiyo mpaka nchi ionekane.

Lakini kuna mtego. Zama zile jaa haikuwa katikati hasa ya kaskazini; ilikuwa mbali nayo kwa zaidi ya digrii 3, ikizunguka. Asiyejua saa ya kuipima alipotea. Ndiyo maana Ibn Majid alisisitiza kupima, kurudia na kulinganisha. Aliwasifu mabingwa watatu waliomtangulia, akajiita wa nne wao, ila hakusita kusema kuwa wao walikusanya habari za wengine zaidi kuliko kuzijaribu wenyewe baharini. Na yale aliyoyarithi kwa baba yake pia aliyahakikisha kwanza.

JE, NI YEYE ALIYEMVUSHA?

Turudi Malindi. Vasco da Gama aliondoka hapo tarehe 24 Aprili 1498, na mwezi wa Mei akafika Calicut. Rubani alikuwako, hilo ni kweli. Lakini alikuwa nani? Mmoja wa waliokuwa katika msafara ule aliandika kwamba mfalme wa Malindi alimpa Vasco rubani Mkristo. Waandishi wa Kireno waliofuata katika karne ya 16 walisema ni Mgujarati, na mmoja wao akamwita Malemo Cana. Hilo "Malemo" bila shaka umelitambua: ni maalim, cheo cha rubani. Jina la Ahmad bin Majid, wa Julfar, halimo.

Basi limetoka wapi? Limetoka kwa mwandishi mmoja wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyeandika zaidi ya miaka 70 baada ya safari ile. Yeye ndiye aliyemtaja Ibn Majid, na yeye ndiye aliyeleta habari ya ulevi. Katika karne ya 20 mtaalamu Mfaransa Gabriel Ferrand aliieneza, vitabu vya shule vikaichukua, ikawa ndiyo historia. Wataalamu waliochunguza baadaye, kama Mwingereza Tibbetts, wameikataa.

Tena linganisha. Mwaka 1554, kabla ya al-Nahrawali kuandika, amiri wa jeshi la majini la Uturuki, Sidi Ali Reis, alitunga kitabu cha bahari akitegemea kazi za Ibn Majid, na alimsifu kuwa mtu wa kuaminika. Na Ibn Majid huyo huyo ndiye aliyetunga shairi la kuwasaidia Waislamu kuipata kibla popote walipo. Huyo ndiye tuliyemwita mlevi kwa miaka yote hii!

Ndugu yangu, Surat al-Hujurat, aya ya 6, imetufunza tuhakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Maiti hana ulimi wa kujitetea. Shairi lake la mwisho lenye tarehe ni la mwaka 906 Hijria (1500), na baada ya hapo amenyamaza. Kazi ya kumtetea imebaki kwetu.

Basi kitengeneze kibao chako, upime nyota yako. Na usiku huo huo, ujumbe ukija kwenye simu yako unaomchafua mtu, upime nao kabla hujautuma mbele. Rubani huyu hakumwamini hata baba yake bila ya kupima. Wewe utamwamini vipi usiyemjua?

Allah amrehemu Ahmad bin Majid, na atukubalie saumu zetu. Aamin.