Sayyid Khalid bin Barghash: Sultani wa Siku Mbili

Sayyid Khalid alizaliwa Unguja mwaka 1874, mwana wa Sultani Barghash bin Said. Babaye alipofariki mwaka 1888, kiti kilirithiwa na ami zake, Sayyid Khalifa kisha Sayyid Ali. Katika ukoo wa Busaidi haikuwa lazima mwana amrithi baba. Aliyetawala ni yule aliyekuwa na nguvu na kukubaliwa na jamaa. Hata hivyo, Unguja ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, liliongezwa sharti jingine: sultani mpya hakuweza kutawazwa bila idhini ya konseli wa Kiingereza.

Mwaka 1893, baada ya kifo cha Sayyid Ali, Khalid aliingia katika kasri kudai kiti, lakini alishawishiwa akatoka. Aliyetawazwa ni binamu yake, Hamad bin Thuwaini. Hamad alipofariki ghafla tarehe 25 Agosti 1896, Khalid aliingia tena, na safari hii hakutoka. Alikuwa na umri wa miaka 22 hivi. Watu wapatao 2,800 walikusanyika kumlinda, wengi wao raia, watumishi na watumwa.

Waingereza walimpa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Muda ulipokwisha, manowari zao zilianza kupiga mizinga, na kwa takribani dakika 40 kasri likawa magofu. Watu wapatao 500 upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Siku hiyohiyo alitawazwa Hamoud bin Mohammed.

Aghalabu Khalid hutajwa kwa ufupi wa vita hivyo tu, ilhali maisha yake hayakuishia hapo. Alikimbilia ubalozi wa Kijerumani, na tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, mashua ilimchukua kutoka ubalozini hadi melini bila yeye kukanyaga ardhi ya Unguja. Aliishi Dar es Salaam hadi Vita Vikuu vya Kwanza vilipomfikia. Waingereza walimkamata, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na St Helena.

Hatimaye aliruhusiwa kurejea Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927. Wakati huo pwani ya Kenya ilikuwa bado, kwa jina, milki ya Sultani wa Unguja. Khalid alifia katika nchi ya kiti alichokikalia siku mbili, nchi iliyotawaliwa na wale waliomwondoa.