Mamo Wolde: Tope la mbio za nyika lilimwandaa kwa dhahabu ya Mexico

MTANZANIA John Stephen Akhwari alipoingia uwanjani mjini Mexico City Oktoba 20, 1968, akichechemea na mguu ukiwa umefungwa bandeji, mshindi wa marathoni ile alikwisha kuvuka utepe zaidi ya saa moja kabla yake. Watanzania wanamkumbuka, na wana haki ya kumkumbuka, aliyefika wa mwisho. Aliyefika wa kwanza hatajwi sana.

Alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia, askari wa Kikosi cha Walinzi wa Mfalme Haile Selassie, ambaye hata nyumbani kwao aliishi chini ya kivuli cha mwenzake wa kikosi hicho, Abebe Bikila.

Wolde alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji kilicho umbali wa kilomita 60 hivi kutoka Addis Ababa. Alijiunga na jeshi mwaka 1951, akapelekwa Korea pamoja na askari wa Ethiopia waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa, na aliporejea akaingia katika timu ya riadha. Mwaka 1956 alikwenda Melbourne kwenye Michezo ya Olimpiki, akakimbia mita 800 na mita 1,500. Hakuvuka mchujo hata mmoja. Miaka minne baadaye Bikila alishinda marathoni ya Rome akiwa pekupeku. Wolde hakuwamo katika timu.

Wengi humaliza habari yake kwa kusema alibahatika Bikila alipoumia. Wanaosema hivyo wanasahau mbio za nyika.

Katika miaka ya 1960 Wolde alialikwa mara kadhaa nchini Hispania, kwenye jimbo la Basque, ambako mbio hizo hufanyika majira ya baridi. Mvua za huko hazikomi. Njia hupita katika malisho ya ng'ombe, hupanda na kushuka vilima, na baada ya duru ya kwanza nyasi hugeuka tope linalovuta kiatu. Katika tope, mwenye kasi hana faida kubwa. Anayefaidika ni yule anayejua kufupisha hatua, kulegeza mabega na kuvumilia mguu unaoteleza kila anapousukuma. Kwa kijana aliyezoea vilima vya Ethiopia hali hiyo haikuwa ngeni sana, ila baridi. Wolde alishinda huko zaidi ya mara moja, zikiwamo mbio za Elgoibar na Lasarte, akawa kipenzi cha watazamaji waliojipanga kandokando ya njia na miavuli yao.

Matunda yalianza kuonekana. Mwaka 1964 mjini Tokyo, yule aliyeshindwa mita 800 alimaliza wa nne katika mita 10,000. Marathoni ya huko hakuimaliza, na Bikila akatwaa dhahabu ya pili.

Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi iliwaangusha wakimbiaji wa nchi za tambarare. Oktoba 13, katika mita 10,000, Wolde aliongoza katika mzunguko wa mwisho, lakini Naftali Temu wa Kenya akampita karibu na utepe. Tofauti ilikuwa sekunde 0.6. Dhahabu hiyo ilikuwa ya kwanza kwa Kenya katika Olimpiki.

Siku saba baadaye wawili hao walikuwa tena barabarani, katika kilomita 42. Bikila, aliyeingia mashindanoni akiwa na maumivu ya mguu, alijitoa baada ya kilomita 17 hivi. Wolde aliendelea. Alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26, dakika tatu mbele ya Mjapani Kenji Kimihara. Temu alimaliza wa 19, na Akhwari wa 57. Wolde alikuwa na umri wa miaka 36, na katika siku zile wengi wa umri huo walikwisha kutundika viatu. Yeye alikwenda Munich mwaka 1972 akiwa na miaka 40, akarudi na shaba.

Mwaka 1974 mfalme alipinduliwa. Chini ya utawala wa kijeshi wa Dergi, Wolde alikuwa kiongozi wa mtaa jijini Addis Ababa, na cheo hicho ndicho kilichomponza. Serikali iliyoung'oa utawala huo ilimkamata mwaka 1993, ikamshitaki kwa kuhusika katika mauaji ya kijana wakati wa Ugaidi Mwekundu wa miaka ya 1970. Alikana kuua. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilifuatilia suala lake, lakini miaka ikapita bila hukumu. Familia ya marehemu nayo ilikuwa na haki ya kusikia ukweli mahakamani, na ucheleweshaji huo haukumtendea haki yeyote.

Hukumu ilitolewa Januari 2002: alitiwa hatiani, akapewa kifungo cha miaka sita. Kwa kuwa alikwisha kukaa mahabusu karibu miaka tisa, aliachiwa. Alikuwa mgonjwa tayari. Alifariki Mei 26 mwaka huohuo, miezi minne baada ya kutoka gerezani, akiwa na umri wa miaka 69.