Rosalind Franklin: Aliipima DNA, tuzo wakachukua wengine

Ukipiga picha kwa simu, faili lake huhifadhi kimyakimya tarehe, saa na hata aina ya kamera. Wengi hatuna habari nayo. Ila kwenye maabara za eksirei, maelezo kama hayo yakikosekana, picha inabaki madoa tu.

Rosalind Franklin alifanya kazi hiyo enzi za filamu na daftari.

Alizaliwa London, Uingereza, Julai 25, 1920, akasomea kemia Cambridge. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alichunguza makaa ya mawe, na utafiti huo ukampa shahada ya udaktari mwaka 1945. Mwaka 1947 akaenda Paris, na huko ndiko alikobobea kwenye eksirei.

Kazi yenyewe iko hivi: miale hupigwa kwenye sampuli, inatawanyika, kisha inaacha madoa kwenye filamu. Ili uyasome, lazima ujue sampuli ilikuwa umbali gani na filamu, wimbi la miale lina urefu gani, na miale ilitua wapi katikati. Ukikosea umbali tu, hesabu yote imeharibika.

Januari 1951 alijiunga na King's College London kuchunguza DNA. Akiwa na mwanafunzi Raymond Gosling, alidhibiti hadi unyevu ndani ya kamera. Wakagundua DNA ina maumbo mawili: moja la hali kavu, jingine la unyevu mwingi.

Mei 1952 ikapatikana Picha namba 51, baada ya sampuli kupigwa miale kwa zaidi ya saa 60. Ilionyesha alama ya X, dalili ya kitu kilichojisokota kama springi. Vipimo navyo vikatoa namba: msokoto mmoja kamili ni nanomita 3.4, na kutoka kipandio hadi kipandio ni nanomita 0.34.

Januari 1953, mwenzake Maurice Wilkins, ambaye hawakuwa wakielewana, alimwonyesha James Watson picha hiyo bila kumuuliza Franklin.

Si picha tu. Watson na Francis Crick, waliokuwa Cambridge, walipata pia ripoti yenye vipimo vyake. Humo ndimo Crick alimotambua kwamba nyuzi mbili za DNA zinaelekea pande tofauti.

Aprili 25, 1953, jarida la Nature likachapisha muundo wao wa DNA. Makala ya Franklin na Gosling ilikuwa toleo hilohilo, lakini ikawekwa ya tatu.

Franklin alishahamia Birkbeck, akichunguza virusi. Mwaka 1956 akagundulika ana saratani, lakini hakuacha kazi. Alifariki Aprili 16, 1958, akiwa na miaka 37 tu.

Miaka minne baadaye Watson, Crick na Wilkins wakapewa Tuzo ya Nobel.

Siku hizi mitambo ya eksirei huandika yenyewe umbali, wimbi na kitovu cha miale mwanzoni mwa faili la kila picha, na programu huanzia hapo kupiga hesabu. Franklin aliandika kwa mkono. Madaftari yake bado yapo, yamehifadhiwa Churchill College, Cambridge.

Dunia inaikumbuka ile X. Ila bila vipimo vyake, ingebaki X tu.