MFUGAJI ALIYEFUNZWA NA THELUJI: MAISHA YA THEODORE ROOSEVELT

Mpenzi msomaji, ukilitaja jina la Theodore Roosevelt mbele ya wanafunzi wa Historia, wengi watakuambia alikuwa Rais wa 26 wa Marekani. Wengine watakumbuka kuwa alikuja hapa kwetu mwaka wa 1909 kuwinda. Lakini je, ni wangapi wanaojua kuwa kabla ya urais bwana huyu alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa nyama, na kwamba ufugaji huo ulimtia hasara si haba? Hebu tega sikio, maana kisa chake kinatuhusu sana sisi wana wa nchi ya ng'ombe na ukame.

Roosevelt alizaliwa mjini New York tarehe 27 Oktoba 1858 katika familia ya kitajiri. Mali ilikuwepo, lakini afya haikuwepo. Pumu ilimkaba usiku kucha hata wazazi wakawa hawalali. Babake akamhimiza aujenge mwili wake kwa bidii, naye kijana akashika mazoezi na ndondi mpaka akapata nguvu. Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka wa 1880, akamwoa Alice Lee mwaka uo huo, na mwaka wa 1881 akachaguliwa kuingia katika bunge la jimbo la New York. Alikuwa na umri wa miaka 23 tu!

Mnamo Septemba 1883 alipanda gari la moshi hadi eneo la Dakota, kwenye bonde la mto Little Missouri. Nia yake ilikuwa kuwinda baisani, yule nyati wa Marekani mwenye nundu na manyoya mengi. Wakati huo baisani walikuwa wameuawa karibu wote, na wenyeji wa asili kama Walakota walikuwa wamesukumwa katika sehemu walizotengewa. Mbuga zikabaki na nyasi tele, na wageni wakadhani eti hazina mwenyewe. Kila mwenye pesa akaja mbio na ng'ombe wake. Roosevelt naye hakutaka kuachwa nyuma. Kabla ya kurudi nyumbani alitoa dola 14,000 kununulia ng'ombe wa ranchi iliyoitwa Maltese Cross, akawaachia wenyeji wawili, Sylvane Ferris na Bill Merrifield, waisimamie.

Ufugaji wa huko ulikuwa hivi. Ng'ombe hawakujengewa zizi wala kukatiwa majani. Walikula nyasi za mbugani mwaka mzima. Kwa kuwa hewa ya huko ni kavu, nyasi hukauka zikiwa zimesimama na bado hubaki na lishe, hivyo mnyama aliweza kujilisha hata wakati wa baridi. Mifugo ya watu wengi ilichanganyika, ikatambuliwa kwa chapa ya moto. Majira ya machipuko yalipofika, wachungaji waliopanda farasi walizunguka bonde zima, wakawakusanya ng'ombe wote na kuwapiga ndama chapa za mama zao. Wale walionona walipelekwa kwenye reli, wakasafirishwa hadi Chicago kuchinjwa. Ardhi yenyewe ilikuwa ya serikali na ya kampuni ya reli, na hakuna mfugaji aliyelipia malisho hata senti. Shika hapo, msomaji. Malisho ya bure! Huo ndio uliokuwa mtego.

Hujafa hujaumbika. Tarehe 14 Februari 1884, Roosevelt alifiwa na mamake kwa homa ya matumbo, na saa chache baadaye, katika nyumba iyo hiyo, mkewe Alice naye akaaga dunia kwa ugonjwa wa figo. Alikuwa amejifungua binti siku mbili tu zilizotangulia. Msiba juu ya msiba! Roosevelt alimwachia dadake kile kitoto, na miezi michache baadaye akarudi Dakota kuuliwaza moyo wake kwa kazi.

Safari hii alitafuta mahali pake mwenyewe. Maili 35 hivi kaskazini ya mji wa Medora alipata penye miti na maji, akamlipa dola 400 jamaa aliyekuwa akipadai, akapaita Elkhorn. Aliwaleta marafiki wawili kutoka jimbo la Maine, Bill Sewall na Wilmot Dow, mafundi wa kukata miti. Wakajenga nyumba ya magogo yenye urefu wa futi 60 na upana wa futi 30. Mapatano yao yalikuwa ya haki. Faida ikipatikana wangegawana, na hasara ikitokea ingekuwa ya Roosevelt peke yake. Ni matajiri wangapi wangekubali mapatano kama hayo?

Sewall hakuwa mjuzi wa ng'ombe, ila alikuwa na macho. Mara tu alipoiona nchi ile alisema wazi kwamba haimpendezi kwa ufugaji. Tajiri wake akamjibu kuwa hajui asemalo. Kumbe!

Wachungaji wa Dakota nao walimcheka Roosevelt mwanzoni. Mtu wa mjini, amevaa miwani, atayawezea wapi maisha ya mbugani? Usiku mmoja mlevi mwenye bastola mbili alimdhihaki ndani ya hoteli kwa sababu ya miwani hiyo. Roosevelt alimtandika ngumi, akaanguka chali. Tangu hapo heshima ikapatikana. Alishinda juu ya farasi kutwa kucha wakati wa kukusanya mifugo, akala walichokula wenzake na kulala chini kama wao. Machi 1886 wezi watatu walimwibia mashua. Aliwafuata mtoni katikati ya vipande vya barafu, akawakamata na kuwafikisha mbele ya sheria.

Uaminifu wake ulijulikana pia. Siku moja mchungaji wake aliona ndama asiye na chapa katika malisho ya jirani. Kwa desturi ya huko, ndama wa namna hiyo alikuwa mali ya mwenye malisho. Mchungaji, akitaka kumfurahisha tajiri wake, alianza kumpiga chapa ya Roosevelt. Badala ya kusifiwa alifutwa kazi papo hapo, kwa maana anayeweza kumwibia jirani kwa ajili ya tajiri wake, kesho atamwibia tajiri mwenyewe.

Basi miaka ikaenda, na ng'ombe wakazidi kuongezeka bondeni. Makampuni makubwa yalileta makundi kutoka Texas na kwingineko, mengine yakiwa na makumi ya maelfu ya ng'ombe. Roosevelt alikuwa mdogo mbele yao, lakini naye alizidi kumwaga pesa, mpaka zikapita dola 80,000. Wenye busara waliona kuwa nyasi zimechoka. Lakini ni nani angepunguza ng'ombe wake huku jirani akiongeza? Nyasi ambazo ng'ombe wako angeziacha, wa jirani angezila. Kila mmoja akavuta upande wake, na shamba la wote likawa halina mlinzi.

Kiangazi cha mwaka wa 1886 kilikuwa kikali. Mvua haikunyesha, moto ukateketeza mbuga, vijito vikakauka. Bei ya ng'ombe ikaanguka huko Chicago. Dow alipopeleka ng'ombe sokoni, aliona kuwa bei aliyopewa haifikii hata gharama ya kuwalea na kuwasafirisha. Roosevelt, Sewall na Dow wakakaa chini wakapiga hesabu, wakakubaliana kuvunja mapatano bila ugomvi. Mabwana wale wawili na jamaa zao wakarudi Maine.

Mnamo Novemba theluji ikaanza. Ilishuka mapema na kwa wingi kuliko watu walivyozoea. Ikayeyuka kidogo, kisha ikaganda tena na kuwa barafu ngumu iliyozifunika nyasi chache zilizobaki. Ng'ombe walikwaruza mpaka kwato zikatoka damu. Wakaguguna magome na vijiti. Wengine waliingia mjini Medora na kutafuna karatasi za lami zilizofunika kuta za nyumba. Hakuna aliyekuwa na akiba ya majani makavu. Miaka yote nyasi zilikuwa zimesimama mbugani, nani angehangaika kukata na kuweka?

Roosevelt hakuwepo. Desemba 1886 alikuwa London, ambako alimwoa Edith Carow, kisha wakatembelea nchi za Ulaya. Aliporudi Dakota katika machipuko ya mwaka wa 1887, alikuta mizoga imejaa mabondeni na mingine imekokotwa na mto. Zaidi ya nusu ya ng'ombe wake walikuwa wamekufa. Jirani zake wengine walifilisika kabisa. Yeye hakukopa kununua wengine. Alikubali hasara, akapunguza kundi kidogo kidogo, na mwaka wa 1898 akauza waliosalia. Wafugaji waliobaki Dakota walibadilika. Walifuga ng'ombe wachache, wakazungushia ua, na wakakata majani ya akiba kila mwaka.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mauaji ya Rais William McKinley yalimpa Roosevelt urais mnamo Septemba 1901, naye hakuwa amesahau nyasi za Little Missouri. Mwaka wa 1905 idara ya misitu ya serikali iliundwa. Mwaka uliofuata idara hiyo ilianza kuwatoza wafugaji ada ya malisho katika misitu ya taifa na kuweka kiwango cha mifugo inayoruhusiwa. Wafugaji walipiga kelele na kwenda mahakamani, lakini mwaka wa 1911 Mahakama Kuu kabisa ya Marekani iliiunga mkono serikali. Mwaka wa 1906 pia alitia sahihi sheria ya ukaguzi wa nyama, ili mlaji apate nyama safi.

Hata hivyo, tusimsifu mtu hadi tukafumba macho. Roosevelt aliwadharau wenyeji wa asili wa Marekani, ambao ardhi yao ndiyo aliyolishia ng'ombe. Aliposhuka Mombasa Aprili 1909 alikuwa na mawazo yayo hayo. Aliona nyanda zetu za juu kuwa zinawafaa walowezi wa Kizungu, ilhali mkataba wa 1904 ulikuwa umekwisha kuwahamisha Wamaasai kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa. Katika safari hiyo yeye na mwanawe Kermit waliwapiga risasi wanyama 512. Alifariki akiwa usingizini tarehe 6 Januari 1919, akiwa na umri wa miaka 60. Leo mahali pa ranchi ya Elkhorn ni sehemu ya hifadhi ya taifa inayoitwa kwa jina lake.

Ndugu msomaji, huku kwetu hakuna theluji ya kuua ng'ombe. Lakini kati ya mwaka wa 2020 na mwanzo wa 2023, mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini Kenya. Wazee wetu wafugaji walijua zamani kutenga malisho ya kiangazi na kuyalinda yasiguswe wakati wa mvua. Hilo ndilo Roosevelt alilolipia maelfu ya dola kujifunza. Kwa hivyo, wewe utakayerithi ng'ombe wa babako, usiwahesabu wakati nyasi zimekufika kiunoni. Wahesabu kwa nyasi zitakazobaki mwaka wa shida, na akiba uiweke mapema. Akiba haiozi.