Kabla Hujapiga Selfi kwa Mnara wa Wagalla, Mjue Annalena

Najua uko kwenye ile chalenji ya Februari, picha moja kila siku mpaka mwezi uishe. Na mimi niko. Siku ya kwanza kila mtu hupiga kikombe cha chai, siku ya pili viatu, siku ya tatu machweo juu ya paa la ploti. Kufika siku ya 10 wengi huwa wameishiwa na la kupiga. Sasa nisikize. Tarehe 10 Februari ina stori yake kule Wajir, na mwaka huu nataka uibebe kwenye chalenji yako. Lakini kabla hujapanda basi pale Eastleigh, ukapita Mwingi, ukavuka daraja la Tana kuingia Garissa, kisha Modogashe na Habaswein hadi Wajir kuona mnara wa ukumbusho, kuna mama mmoja lazima umjue.

Anaitwa Annalena Tonelli. Alizaliwa Forlì, Italia, mwaka 1943. Alisomea sheria chuo kikuu akamaliza. Mimi chuo niliachia njiani, kwa hivyo najua vile watu huiheshimu ile karatasi. Yeye aliipata, akaiacha Italia. Alitua Kenya mwaka 1969 akiwa na miaka 25, pengine umri wako. Alianza kwa kufundisha. Mwaka uliofuata alihamia Wajir, na hapo ndipo alipokaa.

Wajir ya wakati huo ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari, iliyobaki Kaskazini Mashariki hadi 1991. Mtu angeweza kukamatwa na kuzuiliwa kwa njia ambazo Nairobi zingeleta kelele. Ukiona mpaka leo abiria wa Garissa wakishushwa basi waonyeshe kitambulisho, jua jambo hilo lina mizizi mirefu.

Annalena hakuwa daktari wala mtawa. Aliona tu watu wakifa na kifua kikuu. Shida haikuwa dawa peke yake. Mfugaji anahama na ngamia wake, na matibabu ya siku hizo yalichukua mwaka na zaidi. Mtu akipata nafuu kidogo anaondoka, ugonjwa unarudi ukiwa mkali zaidi. Isitoshe, ugonjwa wenyewe ulikuwa aibu, familia inauficha.

Mwaka 1976 alikabidhiwa mradi wa majaribio wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji, chini ya Shirika la Afya Duniani. Akawaambia wagonjwa waje na vibanda vyao, wavijenge karibu na mahali pa matibabu, wakae hapo na jamaa zao kama wako nyumbani. Watu wakaita mahali hapo manyatta. Kila siku mgonjwa alimeza dawa mbele ya mhudumu, mpaka miezi 6 ikaisha. Kila siku, bila kuruka. Miaka ya baadaye mtindo huo wa kumwangalia mgonjwa akimeza dawa ulienea duniani kote. Wewe na mimi tunashindwa kuposti picha siku 28 mfululizo, na simu iko mfukoni!

Halafu ikaja Februari 1984. Kulikuwa na mapigano kati ya jamii za Degodia na Ajuran, na serikali ikaamua kuwanyang'anya Degodia silaha. Tarehe 10 wanajeshi na polisi waliwakusanya wanaume wa Degodia, wakawapeleka kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu kilomita 15 kutoka mjini Wajir. Walivuliwa nguo, wakawekwa kwenye jua siku kadhaa bila maji wala chakula. Wengine walipigwa risasi, wengine walichomwa, wengine walikufa kwa kiu. Maiti zikatupwa msituni.

Wakati wengi walikuwa wamejifungia ndani kwa uoga, Annalena alitoka na gari kutafuta waliobaki hai. Alibeba majeruhi, akasaidia kuzika wafu. Na akafanya jambo lingine lililokuwa hatari zaidi: alikusanya majina. Yeye na Barbara Lefkow, mke wa mwanadiplomasia wa Marekani, walihakikisha orodha na picha za mauaji zimefikia balozi za kigeni. Bungeni, mbunge wa Wajir Magharibi, Ahmed Khalif Mohamed, aliisimamia kesi hiyo waziwazi. Dunia ikajua.

Hapo ndipo picha inapokuwa kitu kingine kabisa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Mwaka 2000 ikakubali 380. Mwaka 2013 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikasema walikaribia 1,000. Manusura wanasema ni wengi zaidi ya hapo. Fikiria idadi hiyo ingebaki wapi kama hakungekuwa na mtu aliyeandika jina la kwanza, la pili, la tatu.

Annalena alilipia. Mwaka 1985 alilazimika kuondoka Kenya, miaka 15 baada ya kuingia Wajir. Angerudi Italia akapumzika. Badala yake alivuka kuingia Somalia, akaendelea kutibu kifua kikuu hata vita vilipoanza. Mwaka 1996 alifika Borama, Somaliland, akaanzisha hospitali na shule ya watoto viziwi. Alipinga ukeketaji wa wasichana. Juni 2003 alipewa Tuzo ya Nansen ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa. Tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo alipigwa risasi ndani ya hospitali yake mwenyewe. Alikuwa na miaka 60.

Mnara wa Wagalla ulizinduliwa Wajir Februari 2014, miaka 30 baada ya mauaji. Mwaka uliofuata Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za zamani, akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 ya kuwafidia waathiriwa. Ukifika Wajir, waulize wajane kama wameiona.

Basi hii ndiyo chalenji yangu kwako. Kuanzia tarehe 10 hadi 14, siku tano, weka kando chai na viatu. Kama unaweza kufika Wajir, nenda. Simama mbele ya mnara kwanza kabla ya kutoa simu. Mzee akikubali kuongea, kaa chini umsikize, na usimpige picha kabla hajakuruhusu. Akikataa, andika jina la aliyempoteza, kama amekubali uliandike. Kama huna nauli, tafuta mtu wa Wajir mtaani kwenu, wako wengi, umuulize nani wa kwao hakurudi kutoka Wagalla. Utashangaa vile jibu liko karibu.

Posti yako iwe na tarehe, mahali na jina. Likes zikija, sawa. Zisipokuja, endelea na siku inayofuata.