Hans Cory, Mzungu aliyekusanya sanamu za unyago

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

JINA la mji huu, kama wenyeji wanavyolieleza, ni agizo: tupa uchawi. Mgeni aliyepanda nyanda za Ufipa zamani angeweza kulitumia agizo hilo vibaya. Angeona kikapu cha dawa cha fundi wa kuyeyusha chuma, au tanuru refu la udongo linalopambwa kama bibi harusi kabla ya kuwashwa moto, akaviita vyote uchawi na kwenda zake. Ndivyo wageni wengi walivyofanya katika pembe nyingi za Tanganyika.

Hans Cory hakufanya hivyo. Kazi yake kubwa aliifanya mbali na Ufipa, katika milima ya Unguu na Ushambaa na katika nchi ya Wasukuma, lakini vitu alivyovishughulikia ni vya aina ileile: vitu vya udongo ambavyo asiyefundwa huviogopa, na aliyefundwa huvisoma.

Alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1888, akiitwa Hans Koritschoner. Katika miaka ya utawala wa Mwingereza alikuwa mtu wa mashamba ya mkonge, na inaelekea hakuwa mtu wa bahati sana katika biashara. Mwandishi wa Marekani, Ernest Hemingway, aliyekuja kuwinda nchini mwishoni mwa mwaka 1933 na mwanzoni mwa 1934, alimchukua kuwa kielelezo cha Kandisky, Mwaustria ambaye lori lake limeharibika njiani katika kitabu chake cha mwaka 1935 kuhusu safari hiyo. Kandisky anapenda kuzungumza vitabu kuliko wanyama, na haelewi kwa nini mtu avuke bahari kuja kuua tandala. Wasomaji wengi wa kitabu hicho wamemcheka bila kujua kwamba mtu mwenyewe alikuwa akijaza madaftari yake habari za ngoma.

Mwaka 1936 makala yake kuhusu ngoma ya shetani na jinsi inavyotumika kutibu maradhi ya akili ilichapishwa Uingereza kwa jina la Koritschoner. Ile ya mwaka 1944, kuhusu sanamu za unyago wa Wanguu, ilitoka kwa jina la Cory. Mkulima wa mkonge alikuwa njiani kuwa Mwanasosholojia wa Serikali, kituo chake kikiwa Mwanza.

Sanamu hizo ndizo zilizomtofautisha na maofisa wenzake. Ni ndogo, zimefinyangwa kwa mkono, nyingine zikitiwa shanga, manyoya au madoa ya rangi. Zipo za watu, za wanyama, za nyumba na vyombo. Kwa macho ya haraka ni wanasesere wa watoto. Lakini mtoto hakuruhusiwa kuziona. Zilitolewa wakati wa kufunda, mbele ya mwali au kijana wa jando, na kila moja ilikuwa na wimbo wake na fumbo lake: namna ya kukaa na mume, kumheshimu mkwe, kutunza mimba, kuepuka uasherati. Zilikuwa kitabu cha watu wasiotumia karatasi. Baada ya shughuli, nyingi zilivunjwa au kutupwa.

Mkusanyaji wa kitu ambacho mwenyewe amekusudia kivunjwe ana kazi ngumu kuliko wengine. Huko Marekani wapo wanaotafuta kwa bidii wanasesere wa kale wa matambara, hasa Raggedy Ann, ambaye Johnny Gruelle alipewa hakimiliki ya umbo lake mwaka 1915. Nao hufurahia hata kiraka, kwa sababu kiraka kinathibitisha kuwa mtoto alimpenda. Wapenzi wa sanaa ya Afrika nao walikimbilia mwanahiti wa Wazaramo, kwa kuwa ni wa mti na anadumu. Udongo mkavu hauna soko kama hilo. Ukidondoka, umekwisha.

Cory alizikusanya hata hivyo, na jumba la makumbusho la Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1940 kwa jina la Mfalme George V na sasa likiwa sehemu ya Makumbusho ya Taifa, likazihifadhi. Mwaka 1956 alitoa kitabu London, chenye picha za sanamu hizo pamoja na maelezo ya nyimbo na maana zake. Hapo ndipo penye ubishi. Mambo ambayo mwali alionywa asiyatamke nje ya nyumba ya kufundwa yaliwekwa dukani, mbele ya kila mwenye fedha ya kununua kitabu. Bila Cory, huenda leo tusingekuwa na hata kivuli chake. Pamoja na Cory, siri imetoka, tena imetolewa na mtumishi wa serikali iliyokuwa ikitawala. Mwandishi huyu anaona yote mawili ni kweli, na hilo la pili halipaswi kupunguzwa uzito kwa sababu tu la kwanza lina faida.

Serikali yenyewe ilimthamini zaidi kwa sheria. Aliandika sheria za kimila za Wahaya, pamoja na Hartnoll, mwaka 1945, na za Wasukuma mwaka 1953. Uhuru ulipokuja alishiriki katika kazi ya kuziunganisha mila za makabila kuwa kanuni za pamoja, lakini alifariki dunia mwaka 1962, kabla ya Tamko la Sheria za Kimila la mwaka 1963 kutangazwa.

Maandishi yake yamo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Matanuru ya Ufipa hayakuhitaji mkusanyaji. Baadhi yake bado yamesimama mashambani, na mwaka 1969 J.A.R. Wembah-Rashid wa Makumbusho ya Taifa aliandika makala kuhusu ufuaji chuma wa huku. Sanamu za Wanguu zilizofinyangwa ili zivunjwe zimewaishi makungwi waliozifinyanga. Kwenye jalada la kitabu cha mwaka 1956 jina la mwandishi ni moja tu, la Hans Cory.